Riwaya ya Upelelezi na Wizi wa Sanaa Usiofumbuliwa: Mfano wa Ukanda wa Shaba wa Lualaba

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Aprili 1934, vibao viwili vya mchoro mkubwa wa madhabahu, kazi ya ndugu wa Van Eyck, viliibwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Bavo mjini Ghent, Ubelgiji. Kimoja, chenye sura ya Yohana Mbatizaji, kilirudishwa na mwizi mwenyewe ili kuthibitisha kwamba kweli alikuwa nacho cha pili. Na kwa hicho cha pili, kinachojulikana kwa jina la Mahakimu Waadilifu, akadai faranga 1,000,000 za Kibelgiji. Barua za kudai fedha zilitiwa sahihi ya herufi tatu tu, D.U.A. Mnamo Novemba mwaka huo huo, dalali mmoja wa hisa, Arsène Goedertier, alikata roho baada ya kudai kwamba ni yeye peke yake aliyejua kibao kilipofichwa. Kibao hicho hakijaonekana hadi leo, na mahali pake pamewekwa nakala. Mwaka 1956 Albert Camus alikitumia katika riwaya yake La Chute: mhusika mkuu, wakili aliyeikimbia Paris na kuhamia Amsterdam, amekificha kibao cha Mahakimu katika kabati la chumba chake.

Mwaka ule wa 1934 Ubelgiji hiyo hiyo ilikuwa ikiitawala Kongo. Shaba ya Katanga ilikuwa ikisafirishwa kwa reli hadi bandari ya Lobito, na vinyago, viti vya kifalme na sanamu za mababu vilikuwa vikifikishwa Ulaya na kuwekwa katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, au katika sebule za maofisa waliostaafu. Kwa vitu hivyo hakuna polisi aliyefungua jalada. Tofauti hiyo ndiyo inayochunguzwa katika makala haya: ni nini kinachowezesha wizi wa sanaa kuwa msingi wa riwaya ya upelelezi, na mwandishi wa Kiswahili anayeukabili ukanda wa shaba wa Lualaba atakuta nini cha kupeleleza?

Riwaya za aina hii huko Ulaya na Marekani zina desturi moja inayoonekana upesi. Huanza na pengo. Usiku wa tarehe 18 Machi 1990, watu wawili waliovaa sare za polisi waliingia katika Makumbusho ya Isabella Stewart Gardner mjini Boston, wakawafunga walinzi na kuondoka na vitu 13, miongoni mwao michoro ya Rembrandt na Vermeer. Kesi hiyo haijafumbuliwa, ijapokuwa zawadi ya dola 10,000,000 imetangazwa. Fremu tupu bado zimetundikwa ukutani zilipokuwa picha hizo. Miongoni mwa riwaya zilizotokana na tukio hilo ni The Art Forger ya B. A. Shapiro, iliyotolewa mwaka 2012, ambamo mchoraji kijana anatakiwa kunakili mchoro wa Degas unaodaiwa kuwa ni mmojawapo wa mali iliyoibwa. Mwandishi hana haja ya kumthibitishia msomaji kwamba kitu kilikuwapo, kwamba kilikuwa cha fulani, na kwamba kilitoweka usiku fulani. Daftari la makumbusho limekwisha kumfanyia kazi hiyo, na taharuki yote yaweza kuelekezwa kwenye swali moja la nani aliyeiba.

Hata Hergé, mchoraji wa Kibelgiji aliyempeleka Tintin Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliifuata desturi hiyo katika L'Oreille cassée, iliyotoka kwa mfululizo kati ya 1935 na 1937. Kisa kinaanza asubuhi katika makumbusho ya etnografia: mlinzi anagundua kwamba sanamu moja haipo. Sanamu aliyoifanya kielelezo ilikuwa ya Peru, nayo ilikuwa katika makumbusho ya Brussels. Namna sanamu ya watu wa mbali ilivyofika katika makumbusho hayo hapo kwanza haikuhesabiwa kuwa fumbo.

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza kwa njia yake. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960, inaanzisha uchunguzi wa Bwana Msa kwa maiti iliyokutwa mahali pa tambiko. Mahali penyewe panaogopwa na wenyeji, na sehemu kubwa ya utamu wa riwaya imo katika mgongano baina ya hofu ile na akili baridi ya mpelelezi mwenye kiko. Katika Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla fumbo ni la mauaji vilevile. Elvis Musiba ndiye aliyeleta wizi wa kitu chenye thamani ya kitaifa: Kufa na Kupona (1974) inasukwa juu ya nyaraka za siri za wapigania uhuru, na Kikosi cha Kisasi (1979) inampeleka Willy Gamba hadi Kinshasa. Ben Mtobwa naye, kwa Joram Kiango, aliupanua uwanja huo huo wa majasusi, fedha na silaha.

Katika kazi hizo zote kitu cha sanaa hakijapewa nafasi ya kuuendesha msuko. Mzimu ni pazia la nyuma ya mauaji, na kinyago, kikionekana, ni pambo la sebule. Jambo hili halipasi kuhesabiwa kuwa upungufu wa waandishi hao, waliokuwa na mashaka mengine ya zama zao. Lakini linaonyesha kwamba mwandishi atakayeingia uwanja wa wizi wa sanaa hatakuta njia iliyokwisha kufyekwa.

Kiswahili chenyewe kinampa mwandishi huyo msaada wa kwanza, kwani kinatofautisha vitendo ambavyo madaftari ya makumbusho huvifunika kwa neno moja la kukusanya. Kuiba ni kuchukua kwa siri. Kunyang'anya ni kuchukua mwenye mali akiona. Kupora ni kunyang'anya kwa nguvu na kwa wingi, aghalabu katika vurugu za vita. Riwaya ya upelelezi, kama ilivyozaliwa Ulaya, imejengwa juu ya kitenzi cha kwanza: bila siri hakuna upelelezi. Historia ya Lualaba kwa sehemu kubwa imeandikwa kwa kitenzi cha pili na cha tatu. Mnyang'anyi alijulikana kwa jina, cheo na nchi yake. Lisilojulikana ni kilichochukuliwa na kilipo sasa. Fumbo limegeuzwa kichwa chini, na msuko wa riwaya hauna budi kugeuka pamoja nalo.

Mfano mzito kuliko yote uko Bunkeya, ambayo leo imo katika mkoa wa Lualaba, ingawa mfano huo unahitaji tahadhari. Msiri, aliyetoka Unyamwezi na kujenga dola ya Wayeke juu ya biashara ya shaba, pembe na watumwa, aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 kwa risasi ya Omer Bodson, ofisa wa Kibelgiji katika msafara wa Kapteni William Stairs, uliokuwa ukimtumikia Mfalme Leopold II. Bodson naye aliuawa. Msafara huo ulikuwa umeajiri wapagazi na askari wake Unguja na mrima, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizosikika Bunkeya siku ile. Kichwa cha Msiri kilikatwa. Mapokeo yanasema kwamba kilichukuliwa na wageni, na simulizi mojawapo hueleza kuwa kila aliyekibeba alikufa. Stairs mwenyewe hakurudi kwao: alifariki Juni 1892 huko Chinde, kwenye mlango wa Zambezi. Kichwa hakijapatikana mahali popote panapoweza kuthibitishwa.

Ni dhahiri kwamba kisa hiki kina viungo vyote vya riwaya ya kusisimua: muuaji anayejulikana, mashahidi wa lugha nyingi, kitu kilichotoweka, laana, na njia ndefu ya kurudi pwani. Hapo ndipo hatari yake ilipo. Kichwa cha mtu si kazi ya sanaa, na ukoo wa kifalme wa Wayeke ungalipo Bunkeya. Mwandishi atakayekifanya kuwa hazina inayosakwa, kama almasi katika filamu, atakuwa amerudia kwa kalamu kile kilichofanywa kwa kisu. Tena simulizi ya laana, ambayo mwandishi wa haraka ataikimbilia kwa ajili ya kumtisha msomaji, yaweza kusomwa kwa namna nyingine kabisa. Inapowataja waliokibeba kichwa mmoja baada ya mwingine, inaweka mlolongo wa waliokuwa nacho mikononi, na mlolongo wa namna hiyo ndio kitu cha kwanza kinachotafutwa na mpelelezi wa mali ya makumbusho. Bwana Msa, aliyezoea kuuchukulia uvumi wa mzimu kuwa ni ushahidi uliovaa nguo nyingine, angeielewa simulizi hiyo mapema.

Kwa kulinganisha, yako mauaji ya Lusinga, mtemi wa Watabwa magharibi ya Ziwa Tanganyika, yaliyofanyika Desemba 1884 kwa amri ya Émile Storms. Fuvu la Lusinga na sanamu ya ukoo wake vilipelekwa Ubelgiji, sanamu ikakaa nyumbani kwa Storms mpaka mjane wake alipoitoa kwa makumbusho ya Tervuren katika miaka ya 1930. Hapa kila hatua ina karatasi. Kwa hiyo kisa hiki, kinachofanana mno na kile cha Bunkeya, hakina fumbo lolote la kumpa mpelelezi. Kinachobaki ni madai.

Kesi iliyo karibu zaidi na wizi wa sanaa kwa maana yake kamili iko ng'ambo kidogo ya mpaka. Wachokwe na Walunda wa Dilolo, Sandoa na Kapanga, ambao wengi wao wameishi Kolwezi kwa kufuata kazi za migodini, ni watu wamoja na wale wa Lunda ya Angola. Mpaka uliwekwa katikati yao na wakoloni. Mwaka 1936 kampuni ya almasi ya Diamang ilianzisha makumbusho huko Dundo, kaskazini-mashariki ya Angola, na kukusanya humo kazi nyingi za Wachokwe. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyodumu kuanzia 1975 hadi 2002, vitu vingi vilitoweka katika makumbusho hayo. Hakuna usiku mmoja unaoweza kutajwa, wala mtu mmoja. Baada ya miaka kadhaa vilianza kuonekana katika soko la sanaa la Ulaya, vikiwa na wenyewe wapya walioweza kuonyesha risiti.

Aliyeanzisha msako alikuwa Sindika Dokolo, mfanyabiashara na mkusanyaji wa sanaa aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1972, mume wa binti wa rais wa Angola wa wakati ule. Kwa msaada wa wafanyabiashara wa sanaa wa Brussels waliolijua soko kutoka ndani, wakfu wake ulivitafuta vitu vya Dundo katika minada na katika mikusanyo ya watu binafsi. Kilichowawezesha ni picha. Mwaka 1961 mtaalamu wa Kibelgiji Marie-Louise Bastin alikuwa amechapisha uchunguzi mkubwa wa sanaa ya mapambo ya Wachokwe, na Diamang ndiyo iliyouchapisha, ukiwa na picha nyingi za vitu vya makumbusho yale. Kinyago kikionekana Paris, mtu aliweza kukilinganisha na ukurasa: ufa ule ule kwenye paji la uso, chale zile zile chini ya macho, shimo lile lile la kupitishia nyuzi. Mwenye kitu alipewa hiari: arudishiwe kiasi alichokinunulia, ambacho mara nyingi kilikuwa kidogo sana kuliko bei ya sokoni, au afikishwe mahakamani. Februari 2016 vitu vya kwanza vilivyopatikana, pamoja na vinyago vya Mwana Pwo, vilikabidhiwa kwa serikali ya Angola.

Mwandishi wa riwaya hawezi kuomba mhusika mwenye utata zaidi ya huyo. Desemba 2019 mahakama ya Luanda ilizuia mali za Dokolo na mkewe kwa tuhuma za ubadhirifu wa fedha za umma, na wote wawili wakazikanusha. Dokolo alifariki Oktoba 2020 huko Dubai, kesi ikiwa bado haijaamuliwa. Hivyo mtu aliyewatoza jasho wachuuzi wa Brussels kwa kumiliki mali ya Waangola alikuwa mwenyewe akitakiwa kueleza mali yake ilikotoka. Riwaya pendwa ya Kiswahili, ambayo aghalabu humweka shujaa upande mmoja wa mstari na adui upande wa pili, ingelazimika hapa kuuchora mstari huo ukipita katikati ya kifua cha mtu mmoja.

Lakini ufunguo wa kesi ya Dundo ulikuwa kitabu chenye picha, na hilo lina uzito kuliko tabia ya Dokolo. Jambo hilo hilo lilijitokeza katika pwani ya Kenya. Mwaka 1985 mtaalamu wa anthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa amesimama mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Miaka ikapita, kimoja kikatambuliwa katika mkusanyo wa makumbusho ya jimbo la Illinois, Marekani, na cha pili katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vilirudishwa mnamo 2006 na 2007, mzee akiwa amekwisha kufa. Kama ile picha moja isingepigwa, vijiti vile vingebaki kuwa "vigango, Kenya, mwenyewe hajulikani", na mchunguzi hodari kuliko Willy Gamba na Joram Kiango pamoja asingeweza kufanya lolote.

Ukirudi Lualaba na mizani hiyo, ugumu unaonekana mara moja. Chukua misalaba midogo ya shaba iliyokuwa fedha ya nchi ile kwa karne nyingi. Ilipatikana katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, yaliyoanza kufukuliwa kitaalamu mwaka 1957, na heshima yake ilikuwa kubwa hata serikali iliyojitenga ya Katanga ikaichora mitatu kwenye bendera yake mwaka 1960. Leo misalaba kama hiyo huuzwa kwa wapenda mambo ya kale ulimwenguni kote. Ulio kaburini uliwekwa kwa mkono, kifuani au kiunoni mwa maiti, na mahali pake palikuwa na maana. Ukishatolewa na kusuguliwa, haukumbuki chochote. Kila mmoja umefanana na mwenziwe. Mwizi wa Ghent aliiba kitu ambacho hakiwezi kuuzwa kwa sababu kinajulikana na kila mtu. Mwizi wa msalaba wa shaba ameiba kitu kinachouzika kwa sababu hakijulikani na yeyote.

Kolwezi yenyewe haikosi simulizi za wizi. Mji huo uliasisiwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière, ambayo migodi yake ilitaifishwa mwaka 1967 na hatimaye kuwa Gécamines. Ukaingia katika vita vya Mei 1978. Na tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya mkoa mpya wa Lualaba. Hata jina la jimbo zima, tangu 1971 hadi 1997, lilikuwa Shaba, neno la Kiswahili lililowekwa na serikali ambayo lugha yake ya jeshi ilikuwa Kilingala. Wizi unaozungumzwa huko ni wa madini, nyaya za umeme na mafuta ya magari. Mawe ya kobalti hupimwa, huandikwa na kupigiwa mihuri njia nzima hadi mpakani Kasumbalesa, na hata hivyo hupotea. Kiti cha kifalme cha Kiluba chaweza kusafiri ndani ya mkoba wa abiria. Mwandishi wa riwaya anayetaka taharuki ya kweli angeweza kuzikutanisha safari hizo mbili kwenye barabara moja, kwa kuwa zinapita kizuizi kile kile na mbele ya karani yule yule.

Fumbo jingine liko Kinshasa, nalo linawagusa watu wa Lualaba kwa sababu kazi za Waluba, Walunda na Wachokwe ni sehemu ya hazina ya taifa inayohusika. Tarehe 4 Oktoba 1973 Mobutu alisimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa na kudai kwamba nchi tajiri zirudishe kazi za sanaa zilizochukuliwa Afrika. Desemba mwaka huo Baraza likapitisha azimio namba 3187 kuhusu suala hilo. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilikabidhi Zaire vitu 114 kutoka Tervuren, ikisisitiza kuviita zawadi. Baadhi yake, pamoja na vitu vingine vya makumbusho ya Kinshasa, baadaye vilitoweka na vingine vikaonekana sokoni Ulaya. Walinzi wa hazina za Ulaya walilishika jambo hilo kuwa hoja ya kukataa kurudisha zaidi. Hoja hiyo inapitia juujuu swali ambalo mpelelezi yeyote wa kawaida angeliuliza kwanza: nani alikuwa mnunuzi? Kitu kilichotoka Tervuren kwa sherehe hakiwezi kurudi Brussels kwa siri bila mtu wa huko wa kukipokea, na mtu huyo alikuwa na uwezo wa kufungua kitabu na kukitambua. Hapa wizi ni wa siri kwa maana ya Kiswahili, una pengo katika rafu, una daftari, na haujafumbuliwa. Ni ajabu kwamba riwaya yake bado haijaandikwa.

Miaka ya karibuni imeongeza karatasi ambazo mhusika wa riwaya hiyo angezihitaji. Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilimkabidhi Waziri Mkuu wa Kongo, Sama Lukonde, orodha ya vitu vya Kongo vipatavyo 84,000 vilivyoko Tervuren. Juni mwaka huo Mfalme Philippe alipeleka Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku kiitwacho kakuungu, kwa mkopo usio na kikomo, na Julai ikapitishwa sheria ya kuwezesha mali iliyopatikana isivyo halali wakati wa ukoloni kurudishwa. Orodha ya vitu 84,000 ni daftari la vilivyofika. Haitaji vilivyouzwa njiani, vilivyobaki katika nyumba za watu, wala vilivyounguzwa na wamisionari.

Suala la lugha halina budi kuguswa, maana hapa ndipo taaluma ya Kiswahili inapohusika moja kwa moja. Waandishi mashuhuri wa ukanda wa shaba wameandika kwa Kifaransa: V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, na baada yake Fiston Mwanza Mujila wa Lubumbashi, ambaye Tram 83 yake ya mwaka 2014 inauonyesha mji wa migodi usiku, pamoja na wezi wake wa mawe. Kiswahili cha Katanga, chenye mutu na batu mahali pa mtu na watu, ni lugha ya soko, ya karakana na ya nyumbani, lakini haijapewa nafasi kubwa katika riwaya. Mwandishi akimfanya shahidi wa Kolwezi azungumze Kiswahili sanifu cha Dar es Salaam, atakuwa amempora ushahidi wake. Na majina ya vitu ni ushahidi pia. Kibao cha Waluba kilichopambwa shanga na kome, ambacho katalogi za minada hukiita kifaa cha kukumbukia, kwao ni lukasa. Wajuzi wa chama cha mbudye walikisoma kwa ncha za vidole na kutoa humo nasaba za wafalme na safari zao. Mchuuzi asiyelijua jina atasema amenunua ubao wenye shanga. Mpelelezi anayelijua ataanza kwa kuuliza ni nani aliyekuwa msomaji wa mwisho.

Kumbukumbu za namna hiyo kwa Kiswahili zipo. Kati ya 1973 na 1974, Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi, alinunua kwa mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, mfululizo wa michoro ipatayo 100 juu ya historia ya Kongo, kisha akazungumza naye juu ya kila mmoja, akirekodi mazungumzo hayo kwa Kiswahili cha Katanga. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1996. Michoro ya Tshibumba iko Ulaya, na haikuibwa: ilinunuliwa kwa mchoraji mwenyewe, na tarehe zake zinajulikana. Aliyetoweka ni mchoraji. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna habari zake zilizothibitishwa. Kwa hiyo katika ukanda huu, ambako vitu vingi havina hata mstari mmoja wa maelezo, upo mkusanyo ambao kila kipande chake kina sauti ya fundi wake ikieleza kwa lugha yake alichokusudia, ni nani aliye ndani ya picha, nani amesimama pembeni, na kwa nini anga imepakwa rangi ile. Mwandishi wa riwaya atakayesikiliza kanda hizo atamsikia Tshibumba akieleza na mgeni akiuliza, na nyuma yao nyakati nyingine sauti za nyumba na mtaa, katika jimbo ambalo wakati huo liliitwa Shaba.